Uzi wa wazazi: foniksi ipi ya kumfundishia mtoto kusoma nyumbani, na uanze na lugha ipi?

MamaTabata

Wakuu, salaam. Kila msimu wa kutafuta shule swali la foniksi, yaani kufundisha kusoma kwa sauti za herufi na kuziunganisha, ni lile lile. Ninunue Jolly Phonics au kile kitabu cha Wamarekani cha masomo 100? Kuna programu ya simu ya bure? Mtoto ana miaka minne na nusu, shule ya mchepuo wa Kiingereza inamwita kwenye usaili, na mzazi anataka aingie akiwa tayari anasoma. Nimewafundisha wangu wawili mezani kwangu na sasa nina wa shemeji yangu, kwa hiyo maneno ninayo. Anayepinga apinge, ndiyo raha ya uzi.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije kuambiwa nazunguka: kama nyumbani mnaongea Kiswahili, mfundishe kusoma Kiswahili kwanza, foniksi ya Kiingereza ifuate. Sisemi kwa uzalendo. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti yake moja popote utakapoikuta. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti 44 hivi, na herufi moja inabadilika kila ikihama: tazama *a* ya *cat*, ya *cake*, ya *ball* na ya *about*. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya baada ya mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma. Watoto wa Kifini na Kihispania walisoma sahihi karibu kila neno waliloonyeshwa. Watoto wa Scotland waliojifunza kwa Kiingereza walipata kama theluthi. Akili zao hazikuwa na kasoro, maandishi ya lugha yao ndiyo magumu.

Kinachomchelewesha mtoto ni kugundua kwamba alama hizi ni sauti, na sauti hizi zikiunganishwa zinatoa neno analolijua. Hilo hugunduliwa mara moja tu maishani. Akiligundua kwa *mama* na *kuku* atakwenda nalo kwenye *sat* na *pin*. Sasa mtoto ambaye hajui *pin* ni nini, unamwambia aunganishe p-i-n, anaunganisha vizuri kabisa, halafu anakutazama. Neno limetoka lakini halikumgonga popote. Atajuaje kama amepatia?

Haya, za Kiingereza. Jolly Phonics ilianza Uingereza mwaka 1992. Ina sauti 42, makundi saba ya sauti sita sita, na kila sauti ina kitendo chake cha mkono. Kundi la kwanza ni s, a, t, i, p, n. Jirani aliniuliza kwa nini wasianze na a, b, c kama watu wengine. Zichezee hizo sita uone: *sat, pin, tap, nap, tin, ant, snip*. Mtoto anapata maneno ya kusoma mapema kabisa. Ukianza na a, b, c, d utapata *cab*, *bad*, *dad*, na hapo umekwama. Faida nyingine ya hii ni kwamba walimu wengi wa chekechea hapa mjini wanaijua, kwa hiyo nyumbani na shule hamtavutana.

Kitabu cha masomo 100 ni cha Siegfried Engelmann na wenzake wawili, kilitoka 1983. Kinamfaa mzazi anayerudi jioni hana nguvu ya kuandaa somo. Maneno unayotakiwa kutamka wewe yamechapwa kwa wino mwekundu, unayasoma kama yalivyo, dakika ishirini hivi mmemaliza. Maandishi ya mwanzo yana alama za pekee: herufi isiyotamkwa imechapwa ndogo, irabu ndefu ina kistari juu, na alama hizo zinaondolewa baadaye kidogo kidogo. Kitu ninachokipenda humo ni kwamba picha ya hadithi inaonyeshwa baada ya kusoma, ili mtoto asisome picha. Ubaya wake, hakina picha za rangi wala wimbo. Mtoto asiyekaa kitini atakichukia kabla hamjafika nusu.

Kusema kweli, jina la programu halinisumbui sana. Nikishika kitabu nafungua katikati na kuangalia hadithi zake. Maneno yaliyomo yawe ya sauti ambazo mtoto ameshafundishwa. Programu ikimpa s, a, t, i, p, n halafu ikamwekea ukurasa wenye *elephant*, inamfundisha kukisia. Na muwe macho na vitabu vya kwenye foleni za magari vilivyoandikwa foniksi kwenye jalada, ndani ni A for Apple, B for Ball. Hiyo ni picha na jina lake. Ukikuta I for Ice Cream, mrudishie muuzaji, *i* hiyo si ile ya *pin*.

Karibuni.

Mkwezi_wa_Tanga

Mkuu umeandika gazeti. Sisi tulikaa chini ya mwembe, mwalimu na fimbo yake, *ba be bi bo bu*, na leo tunasoma mpaka mikataba ya benki. Hakuna aliyeijua hiyo foniksi. Haya mambo ya kuuziana vitabu vya Wazungu ni biashara.

MamaTabata

Mkwezi, ba be bi bo bu *ndiyo* foniksi yenyewe. Umefundishwa sauti, ukafundishwa kuziunganisha, kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda ngumu. Wewe ni shahidi wangu. Fimbo tu ndiyo nisiyoihitaji.

TichaKKK

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nafundisha darasa la kwanza, mkoa siutaji. Mleta uzi kasema kweli lakini kuna mahali amepita mbio, na ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Kabla ya mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015, wengi wetu tulikuwa tunaanza na majina ya herufi: *a, be, che, de, e, efu, ge*. Mtoto anaona b-a-b-a, anasema *be-a-be-a*, halafu unamwambia aseme *baba*. Ile *e* ya *be* aipeleke wapi? Wenye akili nyepesi walijiongeza, wengine wakabaki nyuma. Sasa tunafundisha sauti. *B* unafunga midomo na kuiachia, basi, usiongeze *e* wala *u* nyuma yake. *M* unaivuta puani: mmmm. *S* unaivuta kwenye meno: ssss. Mzazi fanya mazoezi peke yako kwanza, ndimi zetu hazipendi konsonanti isiyo na irabu.

Nyumbani anza na irabu zote tano mpaka azijue amelala. Halafu usifuate mpangilio wa alfabeti. Chukua m, k, b, t, l, n. Ukishakuwa na hizo na irabu una *mama, baba, kaka, bibi, bata, kuku, taa, maua, kitabu*. Una sentensi kabisa: *Bibi ana bata. Kuku anakula.* Mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza akaielewa, kesho atakuletea kitabu mwenyewe.

Mtego wa pili ni wimbo. *Ba be bi bo bu* inaimbika, na mtoto anaweza kuimba ukurasa mzima huku kitabu kimepinduliwa. Wazazi wanarekodi video wanatuma kwenye kikundi cha familia, shangazi wanapiga vigelegele, mtoto hajasoma hata silabi moja. Funika mstari, muonyeshe *bo* peke yake. Halafu *be*. Halafu hamia mstari wa k, muonyeshe *ko*. Akisita, rudini nyuma.

Tatu, ile m na n inayokaa mbele ya konsonanti. Andika *mbu* na *mbuzi*. Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, lakini *mbu* ni m-bu na *mbuzi* ni mbu-zi. *Mti* ni m-ti, *nchi* ni n-chi. Usimpe kanuni, hata watu wazima itawachosha. Pigeni makofi, kofi moja kila silabi, sikio litamwelekeza. Hizi ziweke mwisho, baada ya ch, sh, ny na wenzake. *Ng'ombe* na *ngoma* ziwekwe siku tofauti, tafadhali.

Mwana_Nakuru

Hujambo mwalimu, na hongera MamaTabata. Mimi niko Nakuru, Kenya, na hapo kwa Kiswahili kwanza sikubaliani nanyi. Huku mtoto wa PP1 na PP2, madarasa ya awali, anaanza zote mbili na dunia haijaisha. Mpango wa Tusome ulipoenezwa nchi nzima kuanzia 2015 ulileta vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili kwa madarasa ya chini, kila mtoto na kitabu chake, na mwalimu akapewa mwongozo wa somo la kila siku. Watoto walisoma zote mbili. Kifungua mimba wangu ni mmoja wao, na hakuwahi kuchanganya.

Halafu kumbukeni kwamba si kila nyumba Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza. Huku kwetu kuna anayeongea Kikalenjin na mama, Sheng na wenzake, na Kiingereza anakipata kwa katuni. Huyo mtamwanzishia ipi?

MamaTabata

Dada Nakuru, swali zuri. Kwa huyo wa lugha tatu ningeanza na ile anayoitumia kuomba chakula, ikiwa ina vitabu. Kama haina, Kiswahili bado kinamfaa, maana anakisikia na kinaandikwa kama kinavyotamkwa.

Tusome siipingi, lakini angalia ulichokitaja: kitabu cha kila mtoto, mwongozo wa kila siku, mwalimu wa kuufuata. Mimi namsemea mama anayetoka kazini, daladala imemshusha saa moja usiku, ana dakika ishirini kabla mtoto hajasinzia. Dakika hizo ukizigawa kwa lugha mbili hakuna itakayoshiba.

BintiForodhani

Assalaam alaykum. Naomba niongeze la huku Unguja. Watoto wetu wanaingia chuoni, yaani madrasa, wadogo, na ustadhi anawapa *be fat-ha ba, be kasra bi, be dhumma bu*. Kuunganisha konsonanti na irabu wanakujua kabla ya kuona kitabu cha skuli. Wangu nilimuonyesha *b* na *a* nikamwambia hii nayo ni *ba*, akasema "kumbe!" akaendelea. Kwa hivyo mzazi ambaye mtoto wake anasoma madrasa asianze upya kama hajui kitu. Muulize kwanza anajua nini.

Faida nyingine, *dh*, *th*, *gh* na *kh* hazimsumbui, ulimi ushazizoea. Tahadhari ni moja, ataanza kusoma kutoka kulia. Mimi niliweka kitone cha kijani upande wa kushoto wa kila mstari mpaka akazoea.

TichaKKK

Binti, ahsante sana kwa hilo. Nina wanafunzi wanaosoma madrasa na huwa nashangaa wanavyotangulia wenzao kwenye silabi. Kitone cha kijani nakichukua.

BabaLeicester

Wakuu, niko Leicester, na mimi nimepita njia kinyume na ya MamaTabata kwa sababu sikuwa na hiari. Foniksi ipo kwenye mtaala wa England, na tangu 2012 mtoto wa mwaka wa kwanza anapimwa mwezi Juni kwa maneno 40. Katika hayo, 20 si maneno kabisa, yamebuniwa, na kila moja lina picha ya zimwi pembeni ili mtoto ajue ni jina la zimwi tu. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaona wana hoja. Neno analolijua anaweza kuwa amelikariri kwa sura. Neno ambalo halijawahi kuwepo atalisoma kwa herufi zake au hatalisoma.

Wangu alishajua foniksi ya Kiingereza ndipo nikampa Kiswahili. Nikamwandikia *kuku*, akasoma "kaka", kwa sababu *u* yake ni ile ya *cup*. *Pete* akasoma "piit", maana amefundishwa kwamba *e* ya mwisho haitamkwi. Bibi yake kwenye simu alicheka mpaka akakata. Lakini dawa ilikuwa rahisi. Kiswahili nikakiandika kwenye kadi za njano, Kiingereza kikabaki kwenye nyeupe. Kila tukichukua za njano tunaanza kwa kusema a, e, i, o, u kwa sauti. Hakuchukua muda mrefu, maana irabu ni tano tu na hazibadiliki. Aliye ughaibuni asikate tamaa akidhani amechelewa.

Kwa wanaotafuta kitu cha bure, serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo unaoitwa Letters and Sounds mwaka 2007. Shule nyingi zimehamia programu nyingine, lakini kwa mzazi bado una mpangilio mzuri na orodha ndefu za maneno kwa kila hatua. Pakua, chapisha unachohitaji.

Bwana_Hela

Mnajitesa. Tafuta ticha wa tuisheni, mlipe, mzazi kazi yake ni kutafuta hela. Mambo ya mmmm ssss waachieni wenye muda.

TichaKKK

Bwana Hela, mimi ndiye ticha wa tuisheni, na hela yako naitaka. Lakini nina watoto kumi na mbili sebuleni kwangu kwa saa moja, wa kwako nitamsikiliza akisoma dakika tano nikijitahidi. Mlipie, halafu usiku mwambie akusomee alichosoma kwangu. Hizo dakika tano nyingine hazikugharimu.

Kijana_Buza

Nauliza, maana mmezungumzia vitabu tu. Nina simu moja na bando la kujibana. Kuna programu inayoweza kumfundisha mtoto nikiwa kazini? Anakaa na dada wa kazi ambaye naye kusoma kwake ni kwa shida.

MamaTabata

Kijana, kwa Kiingereza kuna Khan Academy Kids, ni bure na haina matangazo yanayomrukia mtoto. Teach Your Monster to Read nayo ni nzuri kwa kuunganisha sauti, na ukiitumia kwenye kompyuta ni bure. Kwa Kiswahili, watoto wadogo watapenda katuni ya Akili and Me ya Ubongo, hawa ni wetu wa Tanzania, herufi na namba zimo. Hadithi za kusoma utazipata African Storybook, zipo nyingi kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi na unaweza kuzichapisha. Chapisha hizo kwa mtu wa steshenari, bando lako lipumzike.

Sasa ukweli mchungu. Hizi programu nyingi hazimsikii mtoto. Anabonyeza, ikikataa anabonyeza nyingine, ikikubali nyota zinaruka. Atakujia na nyota elfu na silabi hajui. Simu impe mazoezi, kusikiliza kubaki kwako.

Mkwezi_wa_Tanga

Hapo kwenye simu nina la kusema, pamoja na uzee wangu. Yale mashindano ya kuunda programu za kumfundisha mtoto, Global Learning XPRIZE, yalijaribiwa huku kwetu mkoani Tanga, kuanzia mwisho wa 2017 mpaka 2019. Vijiji 170 hivi, watoto wengi wao hawakuwa wakienda shule, wakapewa tableti zenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Washindi walitangazwa Mei 2019, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi. Washindani waliofika fainali walitakiwa programu zao ziachwe wazi kwa yeyote kuzitumia. Kwa hiyo Kijana wa Buza asivunjwe moyo kabisa, mtoto anaweza kujifunza kwa kioo.

MamaTabata

Mzee Mkwezi, umenikamata vizuri, na hili watu walijue. Lakini zile ziliundwa kwa ajili ya mtoto asiye na mwalimu kabisa, silabi hatua kwa hatua, kwa lugha anayoiongea. Ukitafuta simuni leo neno "kusoma" utaletewa mchezo wa kupaka rangi wenye matangazo ya mkopo. Na kwa dada wa kazi, Kijana, mkae mezani wote wawili. Mtoto akifundishwa silabi na dada yupo, dada naye anasoma. Nimeliona hilo kwangu, na leo ananiandikia orodha ya sokoni.

Mama_Mapacha

Naomba msaada, jamani. Pacha wangu wanasoma Kiswahili bila shida, hata magazeti wanayaparamia. Tumeingia Kiingereza tumegonga mwamba. *Cat* wanasema "kati". *Bed* wanasema "bedi". *Stop* inakuwa "sitopu". Mwalimu wao anasema silabi zimewaharibu, nisingewafundisha Kiswahili.

MamaTabata

Hazijawaharibu. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida inaishia na irabu, na wao wamesoma hivyo hivyo, kwa hiyo wakiona konsonanti peke yake mwishoni wanaipa irabu ili ikae vizuri. Hata babu zetu walifanya hivyo na *bus* ikawa basi. Unatumia silabi zile zile kuvukia.

Andika *ma* kwenye kadi. Wataisoma mara moja. Sasa kadi nyingine yenye *t*, isogeze polepole mpaka iguse: *ma... t*. Ulimi unafika kwenye *t* na kusimama hapo, mdomo usifunguke tena. *Mat*. Badilisha kadi ya mwisho: *ma-n, ma-p*. Halafu *pe*: *pe-n, pe-t, pe-g*. Halafu *si*: *si-t, si-p*. Umeona? Huanzi na m-a-t vipande vitatu kama vitabu vingi vinavyotaka, unaanza na kitu wanachokijua na kukifunga mlango. Mwanzoni watanong'ona *t* ya mwisho, wacha wanong'one, mnong'ono hauna irabu.

*Stop* ni ya baadaye. Anza na *top* mpaka iive, halafu vuta ssss ndefu mbele yake: *ssss-top*. Nyoka anakuja anagonga neno.

Utakaposhika tabu kweli ni irabu. Sisi wengi tunatamka *cap* na *cup* sawasawa, na *ship* na *sheep* sawasawa. Mtoto akikuuliza tofauti na wewe huisikii, utafanyaje? Sauti za Jolly Phonics zimerekodiwa, zicheze msikilize pamoja. Lakini msijitese na lafudhi. Mtoto akijua kwamba kile kifuniko cha kichwani kinaandikwa kwa *a* na kikombe kwa *u*, amepata anachohitaji kwa kusoma na kuandika, hata kama mdomoni vinafanana. Wanigeria wana lafudhi yao, Wahindi wana yao, wanasoma.

Mwana_Nakuru

Hiyo ya kufunga silabi na konsonanti nimeijaribu usiku huu na kitinda mimba wangu. *Pe-n* imetoka safi. Sibadilishi msimamo wangu kuhusu lugha mbili, lakini hii naichukua.

Kijana_Buza

Kadi mnatengeneza na nini? Madukani pakiti moja bei yake ni ya kilo kadhaa za mchele.

TichaKKK

Karatasi ya manila moja, maka peni, mkasi. Au maboksi ya sabuni, upande wa ndani ni mweupe wa kutosha. Darasani kwangu natumia vizibo vya soda, naandika irabu kwa rangi nyekundu na konsonanti kwa bluu, watoto wanavisukuma wenyewe kwenye dawati. Andika herufi ndogo, si kubwa. Wazazi wengi wanaandika A B C kubwa, halafu kitabuni mtoto anakutana na a b c na kuona wageni watupu.

Na *b* na *d* zikigeuzwa usipige kelele, ni kawaida ya umri huo. Usizifundishe wiki moja. Ikimshika muda mrefu akiwa ameshapita darasa la pili, hapo mpeleke apimwe macho na masikio, muongee na mwalimu wake.

Mama_Mapacha

MamaTabata, Mungu akubariki. Baba Leicester, yale maneno ya mazimwi yapo ya Kiswahili? Nataka nijue kama hawa wangu wanasoma au wamekariri.

BabaLeicester

Sijakuta yaliyochapwa, ya kwangu nabuni. Ticha atakuwa na mazuri zaidi.

TichaKKK

Anza na ya silabi mbili nyepesi: *bami, tefo, kolu, nige*. Halafu tatu: *solepa, dumika, tenugi*. Zikipita, weka ngumu: *ndife, shomba, chawepi, nyolu, mwalo*. Changanya, usimpe kwa mpangilio huu. Mwambie ni majina ya mazimwi asije akabadilisha kuwa neno analolijua.

Mvuvi_Mwanza

Nimekuwa nasoma kimya kimya tangu mwanzo, ila hapo siwezi kupita. Mwalimu, *mwalo* ni neno. Huku Ziwa ndiko tunakoshushia samaki.

BintiForodhani

Na *shomba* kwetu ni ile harufu ya samaki, hao hao anaowashusha Mvuvi. *Dumika* nayo ina harufu ya neno.

TichaKKK

Haya, nimezidiwa na watu wa samaki. Mama Mapacha, toa *mwalo* weka *mwepa*, toa *shomba* weka *shongi*, toa *dumika* weka *dumeki*. Na kabla ya kumpa mtoto orodha yoyote, msomee bibi yake kwanza.